Bwawa la umeme ni kitu gani hasa

Sisi wa Kigoma tumekua tunaliona Ziwa Tanganyika, kwa hiyo mtu akitajiwa bwawa la umeme anawaza ziwa tu, dogo kidogo. Hapana bana. Huo ni mto umezibwa kwa ukuta, maji yakakosa pa kupita yakarudi nyuma yakajaza bonde zima. Kariba kule mto Zambezi watu kama 57,000 walihamishwa kupisha maji.

Ukuta una kazi mbili. Kutunza maji ya masika yatumike kiangazi, hiyo kila mtu anaijua. Nyingine ni kuyainua, maana maji yakishuka kutoka juu ndo yanapata nguvu ya kuzungusha mtambo. Na hapa ndo wengi wanapotea: tundu la kupeleka maji kwenye mitambo haliko chini kabisa, ni kama koki ya simtank, ya kitakoni hayatoki. Chukua bwawa la Mtera, likijaa maji yanakuwa mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, yakishuka mpaka 690 mitambo inatakiwa izimwe. Yaani mchezo wote uko kwenye mita 8 na nusu! Chini ya hapo maji yapo, wavuvi wanatega nyavu kama kawaida, ila umeme hakuna, sasa abiria anapita na basi anaona maji tele anasema huu mgao ni uongo. Tena Mtera yenyewe inatoa megawati 80 tu, kazi yake kubwa ni kuitunzia maji mitambo ya Kidatu iliyo mbele yake mto unakoshukia, yenye megawati 204.

Siyo kila umeme wa maji unataka bwawa kubwa hivyo. Mradi wetu wa Malagarasi pale Igamba, megawati 49.5, unategemea zaidi maporomoko ya mto wenyewe.

Halafu samaki. Wa mtoni wengi hawawezi maisha ya maji mengi yaliyotulia, kwa hiyo Kariba katikati kukawa kweupe, hakuna samaki, ndo mwishoni mwa miaka ya 60 wakaja kuchukua dagaa wa Tanganyika, hawa hawa wetu, wakawapandikiza kule. Wanawaita kapenta, na sasa ni biashara kubwa Zambia na Zimbabwe. Wengine wakapita kwenye mitambo wazima wazima wakashuka na mto hadi bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, wakazaliana huko bila kupelekwa na mtu.