Mnasihi wa MI mtandaoni: mtambue kwa anavyozungumza, si kwa anavyojitangaza

"Najua natakiwa kuacha, lakini…" Wanaopiga simu kwenye kitengo chetu cha unasihi huanza hivyo mara nyingi, hata kabla salamu hazijaisha. Mmoja anazungumzia pombe, mwingine kamari ya kwenye simu, mwingine vidonge vya presha anavyomeza wiki hii na kuviacha wiki ijayo. Wengi huiombea radhi hiyo "lakini", kama mtu aliyeingia sebuleni na viatu vya matope. Kwa mnasihi aliyefunzwa mazungumzo ya kuamsha motisha, "lakini" ndiyo kazi yenyewe.

Jina la njia hii halijatulia katika Kiswahili. Wapo wanaoiita usaili wa motisha, wapo wanaosema mahojiano ya kuhamasisha, ingawa neno mahojiano humpeleka mtu kituo cha polisi kabla ya kumfikisha kwa mnasihi. Wataalamu wao kwa wao husema MI, kifupi cha jina la Kiingereza Motivational Interviewing, na ndizo herufi utakazozikuta kwenye wasifu wa wanasihi mtandaoni. Nitazitumia hizo.

Mwaka 1982 mwanasaikolojia Mmarekani William R. Miller alikuwa Norwei, kwenye kliniki ya watu wenye shida ya pombe karibu na mji wa Bergen, akiwa na kundi la wanasaikolojia vijana. Waliigiza wateja, yeye akawa mnasihi, nao wakawa wanamkatiza kila mara: kwa nini umeuliza hilo na si lile? Pale ulinyamaza kwa nini? Kwa kulazimika kujibu, akagundua kwamba alikuwa anafuata kanuni ambazo hakuwahi kuziandika. Akaziandika kwenye makala iliyochapishwa 1983. Baadaye akaungana na Stephen Rollnick, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Wales, na kitabu chao cha kwanza kikatoka 1991.

Wakati huo, Marekani hasa, ilikuwa kawaida kuamini kwamba mlevi anajidanganya, na kwamba dawa yake ni kumkabili mpaka akubali. Mwaka 1993 Miller na wenzake walichapisha matokeo yaliyowakera wengi: kadiri mtaalamu alivyozidi kumkabili mteja wakati wa kikao, ndivyo mteja huyo alivyoonekana kunywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Aliyewahi kusemwa na wazazi kwa jambo ambalo tayari lilikuwa linamsumbua moyoni hashangai. Mtu mwenye nia mbili ana wakili ndani yake kwa kila upande. Mnasihi akiuchukua upande wa kuacha, mteja anabaki na kazi ya kuutetea upande wa kuendelea, na akitoka hapo amejisikia kwa masikio yake akieleza sababu nzuri za kutobadilika. MI hugeuza mpangilio huo. Maneno ya kubadilika yanatakiwa yatoke kinywani mwa mteja.

Nitaonyesha kwa mfano niliouunda mwenyewe. Mteja anasema: "Mke wangu analalamika, lakini mimi nakunywa wikiendi tu. Kazini sijakosa hata siku moja."

Mnasihi wa kwanza anajibu: "Sawa kaka, lakini unajua pombe inavyoharibu ini. Hujafikiria kupunguza?"

"Marehemu baba alikunywa mpaka miaka themanini."

"Si wote wenye bahati ya mzee."

Kikao kimeshakuwa ubishi juu ya ini la marehemu. Sasa msikie mnasihi wa pili akijibu kauli ileile ya mwanzo: "Kazi umeishika, na hilo unalijali. Nyumbani ndiko kuna neno."

Mteja ananyamaza kidogo. "Neno lipo. Juzi mtoto alinijia nikamfokea bure."

"Na haikukukaa vizuri."

"Haikunikaa kabisa, dada. Sitaki akue ananiogopa."

Mnasihi wa pili hakuuliza swali hata moja. Alirudisha alichosikia, akaongeza kidogo kile kilichokuwa chini ya maneno, akaacha nafasi. Huko tunakuita kuakisi. Na ile sentensi ya mwisho, "sitaki akue ananiogopa", ndiyo tunayoita kauli ya mabadiliko. Mnasihi wa MI huziokota kauli za namna hiyo moja moja, na mwisho wa kikao humrudishia mteja zote kwa pamoja, kwa maneno ya mteja mwenyewe.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu ndio utakaokusaidia kuliko neno lolote lililoandikwa kwenye wasifu. MI si fani yenye leseni yake. Mtu aliyehudhuria warsha ya siku mbili anaweza kuiorodhesha, na wengi huiorodhesha pamoja na njia nyingine kumi na tano. Sisemi wanadanganya. Warsha waliihudhuria kweli. Lakini utafiti wa Miller na wenzake uliochapishwa 2004 ulionyesha kwamba waliopata warsha peke yake, ujuzi wao ulififia baada ya miezi michache, ilhali waliofuatiliwa baadaye kwa kusikilizwa kanda za vikao vyao na kuelekezwa waliushika. Kwa hiyo swali la kumuuliza si "Je, unatumia MI?" Muulize: "Baada ya mafunzo, kuna mtu aliyewahi kusikiliza vikao vyako na kukuambia ulivyofanya?" Mwenye uzoefu atakujibu bila kusita, pengine akicheka, kwa sababu hakuna asiyekumbuka aibu ya kusikiliza sauti yake akimshauri mtu ambaye hakuomba ushauri.

Pa kuanzia kutafuta pako pawili. Saraka nyingi za wanasihi mtandaoni zina kichujio cha njia ya tiba: chagua MI, kisha chagua na shida yako, maana anayeitumia kwa pombe kila siku na anayeitumia kwa vijana wasiotaka shule hawalingani. Pa pili ni MINT, mtandao wa kimataifa wa wakufunzi wa MI ulioanzishwa 1997, ambao tovuti yake ina orodha ya wakufunzi kwa nchi na kwa lugha. Hao kazi yao kubwa ni kufundisha. Baadhi wanapokea wateja, na wasiopokea huwafahamu waliopita mikononi mwao. Barua pepe fupi ya heshima kwa mkufunzi anayezungumza lugha yako inaweza kukupa majina mawili ya kuaminika, na hilo ni zaidi ya jioni nzima ya kupekua kurasa.

Ukishapata jina, hakikisha leseni kabla ya jambo lingine lolote. Namba ya leseni itafute kwenye rejista ya bodi iliyoitoa, usitosheke na picha ya cheti. Uliza pia kama anaruhusiwa kumhudumia mtu aliye mahali ulipo wewe. Marekani, kwa mfano, leseni hutolewa na jimbo, na kinachoangaliwa kwa kawaida ni jimbo alipo mteja wakati wa kikao. Anayejiita kocha wa mabadiliko bila taaluma yoyote ya afya anaweza kuwa msikilizaji mzuri sana, ila mambo yakiharibika hakuna bodi ya kumpelekea malalamiko.

Wengi hutoa dakika 15 za mazungumzo bila malipo. Watu huzitumia kuulizia bei na ratiba, mambo ambayo yangeandikwa tu. Mimi ningezitumia kusikiliza. Mwambie shida yako kwa sentensi mbili, na ile "lakini" usiifiche. Kisha angalia anafanya nini nayo. Wanaopima ubora wa MI kwa kusikiliza kanda huhesabu, pamoja na mengine, uwiano wa kuakisi na maswali: angalau kauli moja ya kuakisi kwa kila swali, na aliyebobea hufikia mbili kwa swali moja. Huna haja ya kushika kalamu. Ukihisi unajaza fomu, maswali yamezidi. Ukijikuta umesema jambo ambalo hukupanga kulisema, kuna kitu hapo kinafanyika.

Anaweza pia kukuuliza, kwa kipimo cha 0 hadi 10, jambo hili ni muhimu kwako kiasi gani. Tuseme umejibu 4. Anayeijua kazi atauliza: "Kwa nini 4, si 1?" Utaanza kueleza kinachokusukuma: afya, mtoto, deni. Asiyeijua atauliza: "Kwa nini 4, si 8?" na utaanza kutaja vikwazo. Namba ni ileile. Nimewasikia wanafunzi wangu wakiligeuza swali hili kinyume mara nyingi kiasi kwamba sasa ndilo ninalolisubiri kwanza nikiwekewa kanda.

Msikilizie pia anapotaka kukupa taarifa. Mnasihi wa MI si bubu, ana elimu na ataitoa. Ila hubisha hodi kwanza: anauliza unajua nini tayari, anaomba ruhusa kuongeza, anasema kwa ufupi, kisha anauliza wewe unaionaje. Ukimwambia hutaki kuacha kabisa, unataka kupunguza tu, asikufukuze wala asikupongeze kinafiki. Atakuambia wasiwasi wake kama anao, na uamuzi ataurudisha kwako.

Kuhusu chombo chenyewe, video na simu ya kawaida zote zinafaa. MI inaishi kwenye sauti: kauli ya kuakisi hushuka mwishoni, na ikipanda inageuka swali lenye harufu ya kukushuku. "Huoni shida yoyote" ni maneno mawili tofauti kabisa kutegemea sauti ilivyoishia. Ndiyo maana unasihi wa kuandikiana ujumbe siupendekezi kuwa njia kuu ya kazi hii, ingawa kwa kukumbushana katikati ya wiki unatosha. Kama nyumbani hakuna faragha, ni bora simu ya sauti ukiwa na spika za masikioni ndani ya gari lililoegeshwa kuliko video sebuleni huku mtu mnayemzungumzia anapita na vyombo. Na mwanzoni kabisa kubalianeni mtandao ukikatika nani atampigia nani. Kimya cha sekunde kumi katika MI kina maana yake, na hutaki kukaa ukijiuliza kama ni kimya au ni intaneti.

Yapo mambo ambayo MI peke yake haiyawezi. Aliyezoea pombe nyingi kila siku, kwa muda mrefu, asiache ghafla kwa sababu tu kikao kimempa ari. Mwili unaweza kujibu kwa kutetemeka, degedege na kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kuua. Huyo amwone daktari kwanza, kupunguza kwake kusimamiwe. Mwenye mawazo ya kujiua hahitaji mazungumzo ya kupima nia mbili na mtu aliye mbali, anahitaji msaada wa dharura ulio karibu naye, sasa hivi. Na aliyekwisha kuamua, anayeuliza tu "nianzie wapi", atachoshwa na kuakisiwa. Kwake njia za kufundisha stadi, kama tiba ya kubadili fikra na tabia, zinaweza kufaa zaidi, na mnasihi mzuri wa MI atahamia huko bila kungoja kuambiwa.

Kundi moja linatupigia sana na huondoka limevunjika moyo: wake, waume na wazazi wanaotaka tumtafutie mnasihi mtu ambaye hajui kama anatafutiwa. MI haifanywi kwa niaba. Kwa familia kuna mafunzo mengine, yanayojulikana kwa herufi CRAFT, yaliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia Robert Meyers. Hayo humfundisha ndugu namna ya kuzungumza na kuishi na mwenye uraibu hadi akubali msaada, na namna ya kujilinda mwenyewe wakati huo. Mama, unayemtafutia kijana wako, tafuta herufi hizo badala ya MI, na jina la mteja liwe lako.

Swali la pesa huja na swali la vikao. MI kwa asili ni fupi. Katika Project MATCH, utafiti mkubwa wa Marekani wenye washiriki 1,726 wa shida ya pombe, ambao matokeo yake makuu yalitoka 1997, kundi moja lilipewa vikao 4 tu vilivyojengwa juu ya MI ndani ya wiki 12, na makundi mengine mawili yalipewa vikao 12 vya tiba nyingine. Kwa ujumla hali zao baadaye hazikupishana sana. Shida yako inaweza kuhitaji zaidi, hasa ikiwa ina huzuni au jeraha la zamani ndani yake, lakini ukiuziwa kifurushi cha vikao 20 kabla hujazungumza naye hata saa moja, uliza kimepimwa kwa kigezo gani.

Lipia kimoja kimoja mwanzoni. Baada ya cha pili, kama umejikuta unatetea kitu ulichokuja kukipunguza, mwandikie hivi: "Nikitoka kwenye vikao vyetu najikuta nina sababu nyingi zaidi za kuendelea kuliko nilizokuja nazo." Akishukuru na kukuuliza ilianzia wapi, mpe cha tatu. Akikujibu kwamba hayo ndiyo tunayoita kujidanganya, umeokoa pesa za vikao vilivyobaki.