"Kwangu Inafunguka Vizuri": Dhana Potofu Kuhusu Maandishi, Picha na Video Kwenye Simu

Ukituma tangazo, kitini cha somo au kiungo cha tovuti, kinachosafiri ni maagizo. Simu ya msomaji ndiyo inayoyachora upya, kwa upana wa skrini yake, kwa fonti ilizo nazo, kwa RAM (kumbukumbu ya kazi) iliyobaki na kwa toleo la kivinjari chake. Ndiyo maana kazi iliyopendeza ofisini Kampala inafika Busia, Hoima au kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale ikiwa imekatika pembeni, imejaa visanduku vitupu, au haifunguki kabisa. Na msomaji huyo amelipa: tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12. Kumpelekea kitu kisichosomeka ni kumlia fedha yake.

"Nimeijaribu kwenye simu yangu, iko sawa"

Mara nyingi simu ya mtengenezaji ni bora kuliko simu za wengi watakaofungua kazi yake, kwa hiyo jaribio hilo halithibitishi kitu.

Tuanze na upana. Watu huamini simu yenye pikseli 1080 kwa upana huonyesha mambo mengi kuliko yenye 720. Kivinjari hakipimi hivyo. Kwa kawaida simu ya 720 hugawa kwa 2 na ya 1080 hugawa kwa 3, na zote mbili huiambia tovuti kwamba upana wao ni 360. Anza kubuni kwa 360, kisha hakikisha ukurasa haumlazimishi mtu kusogeza pembeni hata upana ukishuka hadi 320. Hesabu hiyo hufanya kazi iwapo tu sehemu ya head ya msimbo wa ukurasa ina mstari huu:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Ukikosekana, simu hudhani ukurasa ni wa kompyuta, huupanga kwa upana wa 980, halafu huubana uingie kwenye 360. Herufi ya ukubwa wa 16 inaonekana kama ya 6. Wapo wanaoongeza hapo agizo la kuzuia kukuza kwa vidole ili muundo usiharibike. Liondoe. Safari ya iPhone imelipuuza tangu iOS 10, na kwenye Android humuumiza mtu mwenye macho hafifu.

Kisha kuna Opera Mini, inayopendwa kwa sababu inaokoa bando. Katika hali yake ya kubana kabisa, ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, hupangwa huko, na simu hupokea matokeo yaliyobanwa. Fonti ulizopachika hazifiki. Alama za menyu zilizotengenezwa kwa fonti huwa visanduku au hutoweka. Kichwa ulichokigandisha juu ya skrini hakigandi. Menyu inayofunguka kwa skripti (programu ndogo iliyo ndani ya ukurasa) huenda ikarudi kwenye seva kila inapoguswa, au isifunguke. Dawa ni ya kizamani na inafanya kazi: menyu iwe viungo vya kawaida vilivyoandikwa kwa maneno, na habari yenyewe iwe ndani ya HTML (msimbo wa ukurasa wenyewe), isisubiri skripti ije kuijaza.

Simu za vitufe zenye mfumo wa KaiOS zina skrini ya 240 kwa 320 na hazina mguso. Toleo la 2.5 linatumia injini ya Firefox 48, ya mwaka 2016, isiyojua mpangilio wa gridi wa CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa). Ukurasa wa safu moja utafunguka humo bila kazi ya ziada. Ukurasa uliotegemea gridi utabomoka.

Wenye kujaribu Chrome ya Android wakaamini kwamba Chrome ya iPhone nayo iko sawa, wajue kwamba ukiacha Umoja wa Ulaya na Japani, vivinjari vyote vya iPhone hutumia injini ya Safari, jina la nje liwe lolote. Kasoro moja ya huko huonekana kwenye fomu: kisanduku cha kujaza chenye herufi chini ya 16 hufanya skrini ijikuze ghafla mtu anapokigusa. Weka 16, imekwisha.

"PDF hufunguka sawasawa kila mahali"

Hufunguka sawasawa, ndiyo, na hapo ndipo tatizo lilipo. PDF hulinda umbo la karatasi. A4 ina upana wa milimita 210. Simu ya inchi 6.5 ina kama milimita 68. Ukurasa mzima ukijibana humo, herufi ya pointi 12 inashuka chini ya pointi 4. Msomaji anavuta kwa vidole viwili, anasoma nusu mstari, anasogeza kulia, anarudi kushoto, na mstari unaofuata ni hivyo hivyo. Kitini cha kurasa 30 hakisomwi namna hiyo, hata kama kimeandikwa na mwalimu bora.

PDF ibaki na kazi yake: fomu ya kuchapwa na kutiwa sahihi, cheti, risiti. Maandishi ya kusoma yawe ukurasa wa wavuti au EPUB (muundo wa vitabu vya kielektroniki), ambavyo hujipanga upya kulingana na skrini. Kama lazima iwe PDF, kwa kuwa wasomaji wako hupokezana mafaili kwa WhatsApp au Bluetooth, tengeneza toleo la pili la simu: ukurasa wa milimita 90 kwa 160, pambizo ya milimita 5, herufi za pointi 14, maandishi ya safu moja, jedwali lisizidi safu wima tatu. Kwenye skrini ya milimita 68, herufi hizo zitasomeka kama za pointi 10 na nusu.

Unapohifadhi, hakikisha fonti zimewekwa ndani ya faili. Ukituma la Word badala yake, jua kwamba Calibri haimo kwenye simu nyingi za Android; programu huweka fonti nyingine, mistari hubadilika urefu, na jedwali lililokuwa chini ya ukurasa wa kwanza huruka kwenda wa pili.

Liko jambo moja la maofisini linaloumiza zaidi. Waraka umechapwa vizuri kwenye kompyuta, kisha unatolewa kwenye karatasi, unagongwa muhuri, unaskaniwa kurasa zote, ndipo unatumwa. Sasa umekuwa mfululizo wa picha: ni mzito, hauwezi kutafutwa neno, na programu inayomsomea asiyeona haipati hata herufi moja. Skani ukurasa wenye muhuri peke yake. Kurasa nyingine zitoe moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, halafu ziunganishe.

"Kiswahili hakina herufi za ajabu, hakiwezi kuharibika"

Kina ritifaa, nayo inatosha. Ng'ombe, ng'ambo, ming'ao: Word na kibodi ya iPhone hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kukuuliza. Iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8 (mpangilio wa kuhifadhi herufi za lugha zote). Programu ikizisoma baiti hizo kwa mpangilio wa zamani wa Windows, msomaji anaona ngâ€™ombe. Luganda, Acholi na Ŋakarimojoŋ zina ŋ, na humo uharibifu ni mkubwa zaidi: eŋŋoma inakuwa eÅ‹Å‹oma.

Ukiona uchafu wa namna hiyo, usirekebishe neno moja moja. Tafuta mahali mnyororo ulipokatika. Faili lihifadhiwe kwa UTF-8. Ukurasa utangaze `<meta charset="utf-8">` ndani ya baiti 1024 za mwanzo. Hifadhidata ya MySQL iwe utf8mb4, kwa kuwa ile iitwayo utf8 huishia baiti tatu na hukataa emoji. Orodha ya CSV itakayofunguliwa kwa Excel ihifadhiwe kwa chaguo la UTF-8 lenye alama ya BOM mwanzoni. Ikiwa badala ya uchafu unaona kisanduku kitupu, maandishi yako mazima na fonti ndiyo yenye kasoro: fonti nyingi za mapambo za bure hazina ŋ. Kabla ya kuichagua, andika Ŋ na ŋ kwa wino mzito na kwa mlazo, uone kama zinafanana na herufi jirani.

Gharama kubwa kabisa iko kwenye SMS. Ujumbe wenye herufi za mpangilio wa kawaida wa GSM una nafasi 160. Ritifaa iliyonyooka imo katika mpangilio huo. Iliyopinda haimo, wala ŋ. Ikiingia hata moja, ujumbe wote unahamia mpangilio mwingine na nafasi zinashuka hadi 70, au 67 kwa kila kipande ukigawanyika. Tangazo la herufi 150 lililokuwa SMS moja linakuwa tatu. Chama cha akiba chenye wanachama 1,000 kinalipia 3,000, kwa sababu katibu alinakili maneno kutoka Word. Bandika ujumbe kwanza kwenye programu ya maandishi matupu, badilisha kila ritifaa iliyopinda na kila alama ya mnukuu iliyopinda, ndipo utume. Ujumbe wa Luganda usinyang'anywe ŋ yake ili kuokoa fedha. Ufupishe uingie kwenye 70.

"Faili ni dogo, kwa hiyo picha ni nyepesi"

Ukubwa wa faili hupima bando. Haupimi RAM. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, hata ukiibana hadi KB 300, ikifunguliwa hutandazwa kwa baiti 4 kwa kila pikseli: MB 48. Makala yenye picha nane za namna hiyo yanaweza kudai MB 384, na kuna simu za Android Go zenye RAM ya GB 1. Dalili yake wengi huitupia lawama mtandao: ukurasa unajipakia upya wenyewe kila unaposhuka chini. Punguza vipimo kwanza, ndipo ubane. Kwa picha inayojaza upana wa simu, pikseli 720 zinatosha, na 720 kwa 540 hudai kama MB 1.6 tu. Andika upana na urefu ndani ya HTML ili maandishi yasirukeruke picha zinapofika. Picha ya muundo wa WebP ni nyepesi kuliko ya JPEG, lakini iPhone zilizo chini ya iOS 14 haziioni, basi weka JPEG ya akiba.

Mafundi wa uchapaji wa Nasser Road, Kampala, wanajua kazi ya karatasi barabara, na hapo ndipo zinapotoka dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba picha ya 300 DPI (nukta kwa inchi) huonekana kali zaidi kwenye simu. Namba hiyo ni agizo kwa mashine ya kuchapa. Simu huhesabu pikseli tu. Ya pili ni kwamba bango la A3 likishatengenezwa litafaa pia kwa WhatsApp. A3 ina upana wa milimita 297, hivyo kwenye simu herufi za pointi 24 zinabaki 5 na kidogo, na WhatsApp huibana picha mara nyingine juu yake. Rangi nazo zimewekwa CMYK kwa ajili ya wino, na simu nyingine huzionyesha zimepotoka. Mwombe fundi toleo la pili: RGB (rangi za skrini), pikseli 1080 kwa 1350, herufi ndogo kabisa zisipungue pikseli 48, ambazo kwenye simu ya 360 ni sawa na 16. Tarehe, mahali na namba ya simu yenye +256 viandikwe pia kwa maneno chini ya picha, maana namba iliyochorwa haiguswi ikapiga.

Nembo yenye maandishi meusi na usuli wazi hutoweka simu ikiwa katika hali ya giza. Iwekee usuli mweupe.

"MP4 ni MP4"

MP4 ni jina la chombo tu. Ndani yake video inaweza kuwa imebanwa kwa namna ya H.264 au ya H.265. iPhone nyingi tangu iOS 11 hurekodi H.265, na simu za bei nafuu zisizoijua hutoa sauti huku skrini ikiwa nyeusi. Kabla ya kurekodi, ingia mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, uchague Most Compatible, na uzime HDR. Kwa video iliyokwisha kurekodiwa kwa mlalo, tumia ffmpeg, programu ya bure ya kompyuta:

`ffmpeg -i asili.mov -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -profile:v main -pix_fmt yuv420p -b:v 600k -c:a aac -b:a 64k -movflags +faststart tayari.mp4`

Dakika moja itafika karibu MB 5. Usiache faststart: bila hilo, faharasa ya video hukaa mwishoni mwa faili, na mtazamaji mwenye mtandao wa polepole anaweza kusubiri muda mrefu kabla ya kuona picha ya kwanza.

"Ukurasa mweupe maana yake mtandao ni mbovu"

Wakati mwingine ndiyo. Lakini Facebook ilizuiwa Uganda Januari 2021, na kwa miaka iliyofuata kuifikia kumetaka VPN (programu ya kukwepa kizuizi). Tovuti iliyopachika skripti ya Facebook kwenye sehemu ya head, bila neno async au defer, humlazimisha msomaji asiye na VPN kusubiri hadi ombi hilo life ndipo maandishi yachorwe. Mtengenezaji mwenye VPN iliyowashwa siku nzima haoni chochote. Toa skripti hiyo, weka kiungo cha kawaida, na usifanye akaunti ya Facebook kuwa njia pekee ya kuingia.

Onyo la usalama nalo lina sababu mbili za kuangalia mapema: tarehe ya simu iliyorudi nyuma, na simu za Android zilizo chini ya 7.1.1, ambazo tangu 30 Septemba 2024 hazivitambui vyeti vya usalama wa tovuti vya Let's Encrypt, mtoaji wa bure. Kama wasomaji wako wana simu hizo, tafuta cheti cha mtoaji ambaye cheti chake cha mzizi kimo tayari ndani ya simu hizo.

Majaribio yenyewe hayahitaji maabara. Dirisha la simu ndani ya Chrome ya kompyuta huiga upana, haliigi RAM wala injini ya Safari. Azima simu ya Android ya GB 1 au 2, weka Opera Mini katika hali ya kubana kabisa, pata iPhone kwa dakika kumi. Zima VPN. Kuza maandishi ya simu hadi mwisho katika mipangilio, washa hali ya giza, tumia data ya simu badala ya Wi-Fi ya ofisi, na ufungue kiungo kutoka ndani ya WhatsApp, kwa kuwa wasomaji wako wengi ndiko watakakokigusa.