Steringi Hafi? Dhana Potofu Kuhusu Filamu Ambazo Adui Anashinda

"Mwalimu, adui akishinda filamu inakosa funzo."

Nimeambiwa hivi na maprodyuza wa Sinza, wa Kinondoni, wa Tabata, na vijana wanaorekodi kwa simu, na watu wazima wenye kamera za mamilioni. Kazi yangu ni kupitia skripti kabla haijaenda lokesheni. Naona nimechoka kujibu kwa mdomo, kwa hiyo naandika mara moja, na atakayekuja na sentensi hiyo tena nitamtumia hii.

Chukua skripti moja niliyoletewa karibuni. Tajiri wa Goba anamdhulumu mjane kiwanja. Hati ameghushi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa amemweka mfukoni, shahidi pekee amepewa nauli ya kurudi kwao Nachingwea. Skripti safi kabisa. Mwandishi ameujenga ushindi wa yule tajiri tofali kwa tofali, kurasa themanini na kitu. Halafu, zikiwa zimebaki kurasa mbili, difenda ya polisi inaingia getini. Nani amewapigia simu? Hatuambiwi. Ushahidi wameupata wapi, na shahidi si yuko Nachingwea? Kimya. Afande anatamka "uko chini ya ulinzi", tajiri anapiga magoti, mjane anainua mikono mbinguni, majina ya wasanii yanaanza kupanda.

Nikauliza polisi wametokea wapi. Jibu likawa lile lile: bila hivyo, mtu atajifunza nini?

Sasa tuulizane. Hapo amejifunza nini? Mtazamaji wa Mbagala au Chanika aliyewahi kuuziwa kiwanja ambacho tayari kina mwenyewe anajua fika kwamba difenda haiji hivyo. Kilichomo kwenye hizo kurasa mbili, ukikichambua, ni hiki: dhulumiwa, nyamaza, ngoja, haki itakuja yenyewe kwa gari. Hilo ndilo funzo ulilolipigania? Lakini mwache tajiri barazani kwake jioni, anakunywa chai, hati iko juu ya meza. Mtazamaji anatoka hapo amekasirika, na mtu aliyekasirika hurudi nyuma kutafuta kosa. Kwa nini mama alitia dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa? Kwa nini hakuna aliyekwenda ofisi ya ardhi kuhakiki hati? Yule shahidi alipopewa nauli, nani alimwona akipanda basi akanyamaza? Maswali hayo mtu anakwenda nayo nyumbani, na kesho anambishia jirani. Difenda inayafuta yote kwa dakika mbili.

Nikitaka kumwonyesha mteja kwa vitendo, namwekea *Chinatown* ya mwaka 1974. Nayo ni habari ya ardhi, pamoja na maji, huko Los Angeles. Mpelelezi wa kulipwa, Gittes, anagundua kwamba mzee mmoja tajiri, Noah Cross, yuko nyuma ya mpango wa kununua mashamba yaliyokaushwa kwa makusudi ili baadaye maji yapelekwe huko, na kwamba nyumbani kwake amefanya jambo baya zaidi ya hilo kwa binti yake mwenyewe. Mwandishi wa skripti, Robert Towne, alitaka mzee auawe mwishoni. Mwongozaji, Roman Polanski, akakataa. Kwa hiyo tunachoona ni binti akipigwa risasi ndani ya gari, na mzee akiondoka na mtoto wa binti huyo, ambaye alikuwa akimtaka tangu mwanzo. Naomba mtu yeyote aliyeiona anieleze kwamba ametoka pale akimpenda Noah Cross. Towne alibishana sana juu ya mwisho ule, lakini skripti hiyo ndiyo iliyompa Oscar.

Na polisi? Polisi wapo! Wamefika kabla ya mwisho, wamemfunga steringi pingu, na risasi inayomuua binti inatoka kwao. Sini hiyo huwa nairudisha mara mbili kwa sababu ya jambo lingine ambalo wengi hawalioni: Gittes mwenyewe ndiye aliyempigia Cross simu. Alikuwa na ushahidi mkononi, miwani ya Cross iliyookotwa kwenye bwawa la bustani alimouawa mkwewe, akataka amkabili mzee ana kwa ana kwa sababu alijiamini. Mzee akamnyang'anya miwani kwa mtutu wa bunduki, akaongozwa hadi binti alipojificha. Hakuna muujiza hapo wala bahati mbaya. Mlango umefunguliwa na mtu mwema, kwa tabia yake ile ile tuliyompendea.

Hiyo ndiyo dawa yangu, na wateja wangu wameichoka: kabla adui hajashinda, nionyeshe ni wapi steringi alimkabidhi ushindi. Siyo bastola iliyogoma wala gari lililokataa kuwaka. Nataka uamuzi. Waholanzi walifanya hivyo mwaka 1988 katika *Spoorloos*. Msichana anapotea kwenye kituo cha mafuta huko Ufaransa, mpenzi wake Rex anamtafuta miaka mitatu. Mwishoni mtekaji anajitokeza mwenyewe na kumpa kikombe cha kahawa yenye dawa: ukinywa utajua kilichompata, usiponywa hutajua maisha yako yote. Rex anakunywa. Anazinduka ndani ya sanduku, chini ya udongo, akiwa hai. Hakusukumwa, alichagua kujua. Mwongozaji yule yule, George Sluizer, akairudia filamu hiyo Hollywood mwaka 1993, na safari hii steringi anafukuliwa na adui anauawa. Wahakiki waliipokea vibaya mno, na ukizitazama zote mbili kwa usiku mmoja utaona sababu: kile kikombe hakina tena uzito wowote, kwa kuwa malipo yake yamerudishwa.

Hizo dhana potofu nyingine nitazipitia haraka.

"Bodi haitaipitisha." Bodi ya Filamu ipo kwa sheria ya mwaka 1976, inatoa vibali, inakagua, inapanga madaraja ya umri. Ninapomwambia mteja anionyeshe kifungu kinachodai adui akamatwe, hanionyeshi. Anachokitaja kwa kweli kilikuwa cha Wamarekani. Hollywood ilikuwa na kanuni za maadili, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zilizotaka uhalifu usilipe, na zilidumu hadi mwaka 1968. *The Bad Seed* ya 1956 ndiyo kichekesho chake: kwenye riwaya na jukwaani, mtoto muuaji anabaki hai, kwenye sinema ikabidi apigwe na radi. Radi! Difenda yetu walau ina dereva. Kwa hiyo mtu anayeniambia steringi kushinda ndiyo asili ya sinema, mara nyingi anakumbuka kanuni za watu ambao wenyewe walishazitupa kabla mimi sijazaliwa.

Hata wapenzi wa *Sholay*, filamu ambayo baba zetu wanaweza kuisimulia neno kwa neno, wengi hawajui kwamba polisi wanaofika mwishoni kumzuia Thakur asimuue jambazi Gabbar Singh wasingekuwepo. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur anamuua Gabbar Singh kwa viatu vyenye misumari. Bodi ya India ya mwaka 1975 haikutaka, ukapigwa mwingine. Na Hong Kong ilipotoa *Infernal Affairs* mwaka 2002, ambamo askari msaliti anabaki kazini hakuna anayemjua, kwa soko la China bara ulitengenezwa mwisho mwingine anakokamatwa. Ukiona polisi wamefika kwa wakati mno kwenye sinema, jiulize wametumwa na nani.

"Watazamaji wetu hawakubali." Watazamaji gani? Wale wale wa vibanda umiza walioitazama *Don* ya mwaka 2006? Katika ile ya zamani ya 1978, Don anakufa na mtu mwema anayefanana naye anachukua nafasi yake. Hii mpya inakufuatisha njia hiyo hiyo, unamshangilia yule mwema filamu nzima, kisha dakika za mwisho unagundua mwema alishakufa zamani na uliyekuwa ukimshangilia ni Don mwenyewe. Amewala polisi, amewala wenzake, amekula na wewe uliyelipa kiingilio. Watu walidai kurudishiwa hela? Walipata *Don 2* mwaka 2011. Mtazamaji wa Bongo anachokataa ni kudanganywa kizembe, na hapo namuunga mkono.

"Ni mambo ya Wazungu, sisi hadithi zetu haziko hivyo." Huyu namuuliza bibi yake alimsimulia nini. Sungura ameiba asali ya simba, ameshikwa, anadanganya, anaachiwa, anatokomea. Hakuna anayemkamata. Nakubali kwamba sungura ni mdogo na simba ni mkubwa, ndiyo maana tunamcheka kwa mapenzi. Lakini mwizi ni mwizi, na tumekuwa tukimwimbia tangu chekechea. Tena taifa lenye Vita vya Majimaji katika historia yake halihitaji kuagiza kutoka nje simulizi ambamo upande wa haki unashindwa.

"Adui akifa, ameshindwa." Hapana. *Se7en*, 1995. Muuaji anapigwa risasi kichwani na bado ameshinda, kwa sababu kupigwa risasi na yule mpelelezi kulikuwa sehemu ya mpango wake. Bila risasi ile orodha yake ya dhambi saba isingetimia. Tena ni steringi ndiye anayevuta kifyatulio. Ushindi hupimwa kwa nani amepata alichokuwa anakitaka, na kujua hilo kunahitaji uwe umetuambia mapema adui anataka nini. Nusu ya skripti ninazoletewa, adui hataki kitu. Ni mbaya tu, ana miwani ya jua na vijana wawili wenye vifua.

"Adui akishinda maana yake kuna part two." Inategemea. *Avengers: Infinity War* ya 2018 ilimwacha Thanos ameshinda, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2, na mwaka uliofuata akaja kupigwa. Sawa, ile ilikuwa biashara ya awamu mbili. *No Country for Old Men* ya 2007 muuaji wake anavunjika mkono kwenye ajali, ananunua shati la mvulana mmoja wa mtaa huo afungie mkono, anaondoka kwa miguu, na basi. Ikachukua Oscar nne, pamoja na ya filamu bora. Kwetu hapa enzi za DVD tulizoea kukatwa hadithi katikati ili tununue ya pili, na ugonjwa huo haujaisha kichwani. Kukata filamu kabla haijaisha na kumpa adui ushindi ni vitu viwili tofauti.

"Basi sawa, namuua steringi mwishoni." Huyu ndiye ananitia homa kuliko wa kwanza, kwa sababu anadhani amenielewa. Amefuta ile difenda, akaweka lori la mchanga linalomgonga mjane akivuka barabara ya Morogoro. Ndugu yangu, lori hilo na difenda ile zimetoka gereji moja. Adui hakufanya kitu, mjane hakuamua kitu. Rudi ukurasa wa arobaini, pale mama anapoombwa kutia dole gumba. Mpe sekunde kumi za kusita. Mpe sababu ya kuamini, iwe ada ya mtoto, iwe heshima kwa mzee aliyemleta yule tajiri sebuleni. Aulize swali moja, ajibiwe vizuri, halafu atie. Ukishaandika hapo, niletee tuone kama hizo kurasa mbili za mwisho bado unazihitaji, na usinilipe kabla hujaandika.