"Tumeshayamaliza Nyumbani": Kesi ya Mwanafunzi Inavyofia Kijijini

Kila muhula unapoanza, wakuu wa shule za kata hutuletea halmashauri orodha ya wanafunzi ambao hawajaripoti. Safari hii orodha ni ndefu, wengi ni wasichana, na wazazi wanaofika ofisini kulalamika wanafika wakiwa wamechelewa sana.

Mama mmoja alikaa mbele ya meza yangu, akafungua fundo la khanga, akatoa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari. Yalikuwa "makubaliano": ng'ombe wawili na laki tatu taslimu. Baba wa binti alikuwa ametia saini, baba wa kijana dole gumba, na mashahidi wawili chini. Binti yuko kidato cha pili, ana mimba. Nilidhani mama amekuja kushtaki. Hapana. Alikuja kuuliza afanyeje, maana ng'ombe wa pili hajaletwa.

Tuelewane. Sheria ya Elimu ya Tanzania, kifungu cha 60A kilichoongezwa mwaka 2016, inasema anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au anayempa mimba, anastahili kifungo cha miaka 30. Kifungu hichohicho kinamgusa anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au miaka 5 jela, au vyote. Mshenga yumo. Mjomba aliyepokea mahari yumo. Jinai haimalizwi na wazee chini ya mwembe, na wala aliyeshtakiwa haachiwi kwa sababu familia zimeshikana mikono.

Naambiwa sana kwamba watuhumiwa "serikali inawaachia". Ukweli ni kwamba kesi nyingi zinafika mahakamani zikiwa zimeshavuja. Kwa kosa la kubaka mtoto, upande wa mashtaka lazima uthibitishe umri wake kuwa ni chini ya miaka 18. Hati ya kuzaliwa inatosha, lakini si lazima. Mzazi, mwalimu au daktari anaweza kuueleza umri huo kizimbani. Sasa mzazi aliyekula ng'ombe haji kutoa ushahidi, au anakuja na kusema hakumbuki mwaka. Kwa kosa la mimba, lazima ithibitishwe kwamba binti alikuwa mwanafunzi, kwa hiyo mwalimu anakuja na rejesta ya uandikishaji na daftari la mahudhurio. Ikibidi, sampuli za vinasaba (DNA) huenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Haya yote yanachukua muda, na wakati huo binti anakuwa ameshahamishiwa kwa shangazi mkoa mwingine. Shahidi mkuu hayupo. Halafu tunaulizwa kwa nini mtuhumiwa anaonekana sokoni.

Ikiwa mtoto amebakwa, msimuogeshe na nguo zisifuliwe. Mpelekeni polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, mpewe PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, kisha kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU ina muda wake. Hali yake ikiwa mbaya, anzeni hospitali, karatasi itafuata. Namba 116, ya simu ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, ni ya bure, na mpigaji si lazima awe mzazi.

Kuhusu kurudi shule, kuna maneno mengi ya vijiweni. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo, iwe kwa mimba, utoro au sababu nyingine, kurejea katika mfumo rasmi. Huo si ruhusa ya kupata mimba, jamani, na nimechoka kulijibu hilo kwenye mikutano ya hadhara. Mzazi anakwenda na binti kwa mkuu wa shule. Kama kuna aibu au vitisho pale, aombe uhamisho. Asiyetaka darasa la kawaida ana njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Atakayemlea mtoto mchanga binti akiwa darasani ni swali la familia, na hilo waraka hauwezi kulijibu.

Lakini mimba huwa ndiyo mwisho wa hadithi. Ukilipekua daftari la mahudhurio nyuma kidogo, utaona binti alianza kwa kukosa siku za mnada, kisha siku zake za mwezi, kisha wiki nzima ya palizi. Ukiuliza anakoishi, ni geto: chumba kimoja cha kupanga karibu na shule, kwa sababu nyumbani ni mbali. Mzazi anamwachia debe la unga na kurudi mwisho wa mwezi. Unga ukiisha tarehe 20, nani anamlisha? Dereva wa bodaboda anajua jibu kabla ya mzazi.

Ada haipo hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Akirudishwa, njoo useme. Kaya iliyo kwenye ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ikumbuke kwamba mahudhurio ya mtoto shuleni ni sharti.

Yule mama aliondoka na barua kwenda Dawatini. Alipofika mlangoni aliuliza kama ile karatasi aichane, isije ikamponza. Nilimwambia aikunje vizuri na aikabidhi polisi. Hicho ni kielelezo cha mahakamani.