Kinga nyingi haikazi mifupa

Ukipita soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili utasikia spika iko juu ya gari inapiga kelele ati chupa moja inaongeza kinga, inakaza mifupa, inatoa gesi na maumivu ya magoti. Gesi tuiache. Kinga na mifupa kweli zina undugu, ni vile sio ule undugu jamaa anauza.

Wanasema kinga ikipanda mifupa inakuwa ngumu. Hapana. Mfupa uko hai, unabomolewa na kujengwa tena kila siku, mtu mzima anafanya upya karibu asilimia 10 ya mifupa yake kila mwaka. Seli za kujenga zinaitwa osteoblasti, za kubomoa osteoklasti, na sasa cheki hapa, hizi za kubomoa zinatoka ukoo mmoja na seli nyeupe za damu, zote zinazaliwa kwa uboho. Kinachoziamsha ni protini inaitwa RANKL, na seli T za kinga zikiwaka zinaitoa pia. Kuna kundi la seli T linaitwa Th17, likizidi linachochea RANKL itolewe kwa wingi na wabomoaji wanaongezeka, halafu kuna lingine, Treg, kazi yake ni kutuliza, na seli B, hizo pia za kinga, zinatoa protini inaitwa OPG ambayo inakamata RANKL kabla haijafikia wabomoaji. Kwa hivyo mambo yote ni mizani. Mtu wa baridi yabisi kinga yake haijapungua hata kidogo, imewaka kupita kiasi, na ndio maana mifupa yake inaisha mbio. Huyo unamwongezea kinga ya nini?

Ati hii ya mifupa kuisha, osteoporosis, ni ugonjwa wa akina mama wakikoma hedhi, ni homoni tu. Nusu ni kweli. Estrojeni ilikuwa inazituliza hizo seli T, ikishuka zinatoa kemikali za uvimbe kama TNF na wabomoaji wanapata nguvu, mpaka mama anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa ndani ya miaka 5 hadi 7. Lakini wazee wetu pia wamo. Inakadiriwa duniani mwanaume mmoja kati ya 5 waliopita miaka 50 atavunjika mfupa juu ya hii shida, wanawake ni mmoja kati ya 3. Yule guka amekuwa mfupi na mgongo umepinda, tunasema tu ni uzee, kumbe pingili zimebonyea.

Na usingoje uchungu. Mifupa ikiisha haiumi mpaka ivunjike, magoti ni story ingine kabisa.

Kuna hii ya prednisolone, dawa ya steroidi, ati kama inatuliza kinga basi inalinda mifupa. Inatuliza uvimbe sawa, lakini inalemaza osteoblasti, na mfupa unashuka haraka zaidi miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Halafu kuna wasichana wananunua hiyo dawa dukani ndio wanenepe, wueh. Lakini kama umeimeza wiki kadhaa usiiache ghafla, mwili unaweza kuzimika, daktari ndiye anaipunguza polepole.

Huku kwetu Kisumu, Siaya na Homa Bay utasikia pia ARV, dawa za HIV, zinakula mifupa, afadhali kuacha. Tafadhali usiache. Virusi vyenyewe vinavuruga seli B, OPG inapungua na RANKL inapanda, kwa hivyo mfupa uliguswa hata kabla ya kidonge. Ukianza dawa mfupa hushuka asilimia 2 hadi 6 hivi kwa mwaka mmoja au miwili, halafu inatulia. Tenofovir ya TDF inashusha zaidi kuliko zingine, hiyo muulize daktari wa kliniki yako.

Maziwa yanasaidia, na omena zaidi vile tunaimeza na mifupa yake, lakini kalsiamu haizimi RANKL. Iko sindano ya kuizima, denosumab, iliidhinishwa Marekani 2010, inafanya kazi kama ile OPG. Inadungwa kila miezi 6, na ukiiruka bila dawa ingine ya kushikilia, wabomoaji wanarudi kwa fujo na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo, kwa hivyo kabla ya ile ya kwanza uliza bei ya zinazofuata.