Kipimo cha radoni darasani maana yake nini?

Radoni ni gesi yenye mionzi. Huzaliwa ardhini pale urani, madini yenye mionzi yaliyomo kwenye mawe na udongo, inapovunjika hatua kwa hatua. Haina rangi, harufu wala ladha. Nje hupeperuka, lakini ndani ya jengo hupenya kwenye nyufa za sakafu na kandokando ya mabomba, kisha ikajaa. Vumbi la mionzi linalotokana nayo hunata kwenye mapafu, na katika nchi nyingi radoni ni chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara.

Kinachopimwa ni bekereli kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Bekereli moja ni atomu moja kuvunjika kwa sekunde. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango cha 100, na pale kisipowezekana, kisizidi 300. Huo ni wastani wa mwaka mzima. Ukipima asubuhi moja madirisha yakiwa wazi, hujapima kitu.

Graniti, kama ya majabali ya Iringa, kwa kawaida ina urani nyingi kuliko mawe mengi mengine. Hata hivyo jabali peke yake haliamui. Jengo nalo lina neno. Darasa la zamani lisilo na dari, lenye uwazi kati ya ukuta na bati, hupumua lenyewe. Chekechea mpya ya vioo na dari safi, iliyofungwa kuzuia baridi ya Juni na Julai kule Makete au Mufindi, ndiyo ningeianza kuipima.

Kipimo cha kawaida ni kikopo kidogo chenye kipande cha plastiki. Hukaa miezi mitatu au zaidi kwenye chumba cha ghorofa ya chini, mbali na dirisha (na mbali na mikono ya watoto), halafu maabara huhesabu alama zilizochorwa na mionzi. Lakini shule hufungwa usiku na wikiendi, gesi ikapanda wakati hakuna mtu. Kikopo hujumlisha saa zote hizo. Wastani wake ukivuka 300, kabla ya kubomoa sakafu, wekeni kifaa cha elektroniki kinachosoma kila saa, muone watoto wanavuta kiasi gani wakati wa masomo. Pa kuanzia kuulizia ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye dhamana ya masuala ya mionzi nchini.