Sukari imekimbia yenyewe? Yasemwayo barazani Wete

"Sukari yangu imekimbia yenyewe," alisema mzee mmoja barazani kwetu, huku akilamba samli ya halua kidoleni. Insulini, dawa ya kushusha sukari, aliyojidunga miaka yote sasa ilimshusha mpaka akatoka jasho, basi akaipunguza, na kipimo bado kizuri. Watu wakampa hongera. Mie sikumpa.

Figo ni miongoni mwa viungo vinavyoivunja insulini. Ikichoka, insulini hukaa kwenye damu muda mrefu, na sukari hushuka bila mtu kupona. Tena figo hutengeneza sukari kidogo yenyewe, hasa mtu akifunga. Ikidhoofika, hiyo nayo hupungua. Mwenye kisukari cha miaka mingi akiona hivyo, akapime figo kabla ya kufurahi.

Dhana: figo ni chujio, na sukari huliziba.

Na mie nilikuwa nikisema hivyo. Lakini hakuna kinachozibwa. Kwa siku figo huchuja kama lita 180 za maji, ndani yake mna sukari gramu 160 hadi 180, na kwa mtu mzima wa afya karibu yote hurudishwa kwenye damu. Wanaoirudisha ni seli za mirija midogo, na kuni zao hasa ni mafuta, yanayochomwa kwa oksijeni. Damu ikijaa sukari, kazi huongezeka na oksijeni huliwa zaidi. Mkorogaji wa halua karai moja anaiweza. Mpe tatu kwa mikono ile ile, na moto wa kuni mbichi, uone. Mitokondria, yaani majiko ya seli, huzidiwa. Mafuta yasiyochomwa hurundikana ndani ya seli, kisha makovu yanaanza.

Dhana: nakojoa vizuri, figo zangu nzima.

Mwanzoni figo ya mgonjwa wa sukari huweza kuchuja kupita kiasi. Seli hunyonya sukari pamoja na chumvi, figo ikidhani chumvi haitoshi hupanua mshipa unaoingiza damu, na presha ndani ya chujio hupanda. Kipimo cha kreatinini, taka ya damu ambayo figo huitoa, chaweza kuonekana safi kabisa. Ulizia albumini, protini ya damu, kwenye mkojo: miligramu 30 na zaidi kwa kila gramu ya kreatinini, ikirudia kwa miezi 3, ni dalili ya figo kuumia.

Dhana: dawa za sukari ndizo zinazoua figo.

Metformini, kidonge cha sukari, haiui figo. Hupunguzwa au husimamishwa figo zikidhoofika kwa sababu hutoka kwa njia hiyo. Vidonge vingine vya sukari, dapagliflozini na empagliflozini, hufunga mlango unaorudisha sukari, ikatoka na mkojo, na mzigo ukapungua. Tafiti kubwa za 2020 na 2022 zilionyesha kuwa zinachelewesha kuharibika kwa figo. Wanaomeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila goti likiuma, hao ndio wa kuulizwa.

Nilimwambia yule mzee apeleke kikopo cha mkojo wa asubuhi hospitali.

"Na halua niache?"

"Tuanze na kikopo, babu."